Si Kifua Kikuu

"Dawa ulizimeza au uliwatupia kuku?"

Afisa wa kliniki ya kifua aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho nje. Alikuwa na sababu ya kupaza sauti, maana Jumwa alikuwa hasikii vizuri kwa sikio la kulia. Lakini hakuwa na sababu ya kuuacha mlango wazi. Waliokuwa kwenye foleni waligeuka kumtazama, kisha wakageukia kwingine, na mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake mapajani.

"Nilizimeza zote," Jumwa alijibu. "Na sindano nilidungwa zote. Muulize nesi, yeye ndiye aliyenidunga."

"Ungelimeza zote ungelikuwa umepona. Hii ni mara ya tatu, mama. Mara ya tatu! Serikali inakupa dawa bure nawe unaichezea."

Jumwa alikuwa ameikunja pembe ya leso yake mkononi, na ndani ya mkunjo huo mlikuwa na damu aliyoikohoa alfajiri. Alikuja nayo ili wamwamini. Makohozi yake yalipimwa mara nyingi asizoweza kuzikumbuka na hayakuwahi kuonyesha kitu, lakini picha ya kifua ilikuwa na kivuli, na kwa watu wa kliniki kivuli kilitosha. Walimtibu kifua kikuu mara ya kwanza. Kikohozi kiliporudi walimtibu tena, safari hii kwa sindano za kila siku kwa muda wa miezi miwili. Kabla sindano hazijakwisha, sikio la kulia lilianza kulia kama nyenje. Halafu nyenje wakanyamaza, na kila kitu upande ule kikanyamaza pamoja nao.

"Tutaanza sindano upya," afisa alisema, akivuta faili.

"Nina mimba," Jumwa alisema.

"Mimba? Na kifua hiki?"

Hapo ndipo mtu aliyekuwa ameketi kwenye pembe ya chumba, akisoma picha za wagonjwa wengine dirishani, alipoinua kichwa. Alikuwa Daktari Mangi, bingwa wa upasuaji wa kifua kutoka Mombasa, ambaye alikuwa akija huku mara moja kwa mwezi kuwaona wagonjwa walioshindikana. Alisimama akaufunga mlango, kisha akaomba picha za Jumwa, za zamani na mpya. Aliziweka kwenye mwanga moja baada ya nyingine.

"Umeanza lini kukohoa?" aliuliza.

"Tangu nilipomzaa mwanangu wa kwanza. Ndipo damu ilipoanza."

"Sikuulizi damu. Nakuuliza kikohozi."

Jumwa alitazama mlango, kana kwamba kuna mtu wa nyumbani kwake nyuma yake. "Tangu nikiwa mtoto," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mwaka homa ya kifua. Marehemu mama alinikataza kusema. Alisema hakuna anayeoa kikohozi."

Daktari aliweka kidole chini kabisa ya picha, upande wa kushoto, karibu na uti wa mgongo. "Kivuli hiki kiko hapa tangu picha ya kwanza. Hakikupanda, hakikushuka. Kifua kikuu hakikai kwa adabu namna hii." Alimgeukia afisa. "Hakuna kumpa sindano hata moja."

*

Kisilu, mumewe Jumwa, alikuwa seremala. Alikuwa akitengeneza vitanda na meza za hoteli moja ya Diani mpaka hoteli ile ilipofungwa baada ya vurugu za mwaka wa tisini na saba, wenyeji wa pwani walipowafukuza watu wa bara na watalii wakakimbia. Tangu hapo alikuwa amerudi Majimboni, kijiji cha milimani, kulima machungwa kwenye shamba la makazi mapya ambalo wazazi wake walipewa walipokuja kutoka Ukambani. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Shamba lilikuwa la mama yake, Kavenya, na kila aliyelala juu ya shamba lile alilala kwa hisani yake.

Kavenya hakuwa mtu wa makelele. Alipoambiwa mkaza mwanawe ana kifua kikuu, alinunua sahani ya plastiki ya manjano, kikombe cha manjano na kijiko, akaviweka juu ya kigoda mlangoni kwa Jumwa. Kisha alimchukua mjukuu wake, Nthambi, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, akampeleka Mwabungo kwa Mbithe, dada yake Kisilu. "Mpaka mama yake apone," alisema. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Jumwa alikuwa akienda Mwabungo kumtazama mwanawe kutoka upande wa pili wa ua.

"Nairobi?" Kavenya aliuliza siku ile waliporudi kutoka kliniki. "Kwa nini Nairobi? Huko kuna kifua gani ambacho huku hakuna?"

"Kuna mashine, mama," Kisilu alisema. "Daktari anasema mashine ya kawaida ya miale si nzuri kwa mimba. Hii inatumia sumaku. Inaona mpaka mishipa ya damu."

"Sumaku." Kavenya aliendelea kuchambua kunde. "Na nani atailipa hiyo sumaku? Machungwa yangu?"

Kisilu alitazama vidole vyake. Jumwa, aliyekuwa ameketi mbali kidogo pale alipozoea kuketi, ndiye aliyejibu.

"Baba yangu atauza mafahali."

"Mwero atauza mafahali wakati wa ukame huu? Watanunuliwa kwa bei ya mbuzi."

"Amesema atauza, mama."

Mzee Mwero, mwenyeji wa pwani, aliwauza kweli, kwenye mnada wa Kinango, wakiwa wamekonda mbavu nje. Alikuja Majimboni kwa miguu, akawaletea fedha zikiwa zimefungwa ndani ya kitambaa, akazitia mkononi mwa Kisilu na si mwa bintiye, kwa kuwa ndivyo heshima ilivyotaka. Hakukaribishwa chai. Alikunywa maji mtungini kwa Jumwa akaondoka.

*

Huko Nairobi walingoja siku nzima kwenye ukumbi wenye viti laini, Jumwa akikohoa ndani ya leso na watu wakihama viti. Msichana aliyeshughulikia mashine alikuwa mchangamfu, anayechanganya lugha kama wafanyavyo vijana wa huko.

"Mama, toa kila kitu cha chuma. Hereni, bangili, pini, hata sidiria kama ina vishikizo. Hiyo machine ni sumaku kubwa sana, inaweza kuvuta mpaka kitanda."

Alipewa gauni la hospitali lililokatika kamba za mgongoni. Jumwa alilishika kwa nyuma kwa mkono mmoja asionekane, na kwa mkono mwingine akafungua kitu kilichokuwa kimefungwa kiunoni, chini ya nguo zote. Ilikuwa hirizi ya ngozi, nyeusi kwa uzee, yenye kipande cha chuma kilichoshonewa ndani. Alimpa Kisilu pamoja na hereni zake.

Kisilu alikuwa ameiona hirizi ile tangu usiku wa harusi na hakuwahi kuuliza. Alidhani ni ya uzazi. Sasa aliigeuzageuza kiganjani.

"Hii ni ya nini hasa?"

"Ya kikohozi."

"Ulifungwa lini?"

Jumwa alikuwa amechoka sana kwa safari, na gauni lilikuwa linamponyoka. Hakuwa na nguvu ya kutafuta uongo. "Kabla sijang'oa meno ya utoto," alisema.

Kisilu aliitia hirizi mfukoni.

Mashine ilikuwa kama pipa kubwa lililolazwa. Walimlaza juu ya ubao mwembamba wakamsukuma ndani mpaka dari la pipa likawa karibu na pua yake. Aliambiwa asitikisike na asikohoe, maana akikohoa picha itaharibika na itabidi waanze tena, na muda wa mashine ni wa wengine pia. Kisha kelele zikaanza. Ilikuwa kama kulala chini ya kinu cha kusaga mahindi, kikigonga, kikinyamaza, kikigonga tena. Kelele zilimwingia kwa sikio moja tu.

Kikohozi kilipanda. Kililetwa na kule kulala chali, kama siku zote. Alikihisi kikitambaa kutoka chini ya mbavu za kushoto, akauma ulimi, akameza mate yenye ladha ya chuma. Machozi yalimtiririka masikioni na hakuweza kuyafuta. Alifikiria mafahali wa baba yake. Akikohoa, ni mafahali wale wanaopotea. Akazidi kuuma.

Na humo ndani, wakati kelele zimetulia kidogo, mtoto alicheza tumboni kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mguso mdogo, kama kidole kinachobisha hodi kwa woga. Jumwa alifumba macho na hakukohoa mpaka walipomtoa.

*

Daktari Mangi aliwapokea Mombasa, ofisini kwake, akabandika picha za Nairobi kwenye ubao wa taa.

"Tazameni hapa. Huu ni mshipa mkuu wa damu, unashuka kutoka moyoni. Na huu mdogo unaochomoza pembeni, haupaswi kuwapo. Unapanda unaingia kwenye kipande hiki cha pafu." Alitafuta maneno. "Mnajua mtu anapounga bomba lake kwa siri kwenye bomba kuu la maji la mji? Ndiyo hivi. Jumwa alipokuwa tumboni mwa mama yake, kipande kimoja cha pafu kilijitenga. Hakikuungwa na njia ya hewa. Hakivuti pumzi. Kinakunywa damu tu, moja kwa moja kutoka bomba kuu, na damu hiyo ina nguvu nyingi. Kinaoza, kinaleta homa, kinavuja."

"Kwa hiyo si kifua kikuu," Kisilu alisema.

"Si kifua kikuu. Wala hakikuwa hata siku moja."

Jumwa aligeuza sikio lake zima. "Hakiambukizi?"

"Mtu hawezi kumwambukiza mwenzake kipande cha pafu, mama. Ungeweza kula sahani moja na mtoto mchanga."

Jumwa alitazama zile picha nyeusi na nyeupe kwa muda mrefu, akitafuta humo ndani mahali alipokaa miaka yote hii.

"Na sikio langu, daktari?"

Daktari Mangi alivua miwani. "Sikio halitarudi. Samahani."

"Na mwanangu?"

"Mtoto anaendelea vizuri. Lakini lazima tuukate mshipa huu na kukitoa kipande hiki, na wakati mzuri ni sasa, katikati ya mimba. Tukingoja ujifungue, mshipa unaweza kupasuka ukisukuma uchungu, au hata kabla. Ukipasuka, damu itatoka kwa nguvu ya moyo."

Jumwa hakuwa ameuliza habari za mtoto wa tumboni. Alikuwa akiuliza habari za Nthambi, lakini aliona daktari hawezi kulijibu hilo.

"Mnakubali?" daktari aliuliza, na macho yake yalikuwa kwa Kisilu.

"Tutazungumza nyumbani kwanza," Kisilu alisema. "Kuna wazee."

"Msikawie kuzungumza."

*

Kavenya alisikiliza habari zote bila kumkatiza mwanawe. Kisilu alizieleza kwa furaha, hata bomba akalichora chini kwa kijiti. Alipofika mwisho, akatoa hirizi mfukoni akaiweka juu ya meza, kwa sababu ilikuwa imemsumbua njia nzima, na kwa sababu hakuwahi kuwa na jambo la kumsumbua asilolipeleka kwa mama yake.

Kavenya aliitazama bila kuigusa.

"Amezaliwa na ugonjwa huu," alisema.

"Ndiyo, mama. Hauambukizi. Daktari—"

"Nimesikia. Amezaliwa nao, na kwao walijua, wakamfunga dawa, wakatupatia sisi. Ng'ombe wazima tulitoa, Kisilu. Tulitoa ng'ombe wazima, wakatupatia mtu mwenye kipande kibovu ndani." Alishusha sauti. "Na huyo aliye tumboni? Na Nthambi? Wamezaliwa na nini?"

"Daktari hakusema unarithiwa."

"Ulimuuliza?"

Kisilu hakuwa ameuliza.

Jumwa aliyasikia hayo kutoka jikoni. Kwa miaka mitatu alikuwa ameomba Mungu apatikane mtu wa kusema kwamba hana kifua kikuu. Alikuwa amefikiri kwamba siku hiyo ikifika kigoda kitaondolewa mlangoni, na Nthambi ataletwa. Sasa alielewa kwamba ugonjwa wa kuambukiza ulikuwa na mwisho wake, mtu aliweza kupona; lakini hili jipya lilikuwa yeye mwenyewe.

Kavenya alimwita Muange, shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, akatuma pia mtu kwa Mwero. Mpaka wazee wakutane, alisema, hakuna wa kupasuliwa. Akipasuliwa akafa, watu wa Mwero watasema ameuawa na Wakamba, na damu ya mwaka wa vurugu haijakauka. Kisilu alirudi shambani kuchuma machungwa. Wiki moja ikapita, na nyingine ikaanza.

*

Walikutana mchana, kwenye kibaraza cha Kavenya. Mwero aliketi mwisho wa benchi, kofia magotini. Kisilu alimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikiwa kwa sauti ya chini.

Muange alifungua mazungumzo kwa upole. "Mzee Mwero, sisi hatukuja kugombana. Tunauliza tu. Ulijua?"

"Nilijua anakohoa," Mwero alisema. "Sikujua ni nini. Nilimpeleka kwa waganga, nilimpeleka zahanati. Walisema atakua, kitakwisha. Mama yake alisema tunyamaze. Nikanyamaza. Hilo nalikubali mbele yenu."

"Basi umekubali," Kavenya alisema. "Mtu akiuza ng'ombe mgonjwa huku anajua, hurudisha alichopokea."

"Mimi sikuuza ng'ombe."

"Sisi tulitoa ng'ombe."

Mwero aliivaa kofia yake, kisha akaivua tena. "Mama Kisilu, mwaka wa vurugu ulikuja kwangu na watu wako wote, na bahasha yenye hati ya shamba ukaificha kifuani. Nililaza watu wako kwenye kitanda changu. Walipokuja wale vijana na mapanga, ni huyu Jumwa aliyesimama mlangoni akasema nao kwa lugha yao. Siku ile hukumuuliza ana mapafu mangapi."

Muange alitazama ardhi. Kavenya alikuwa amekaza taya, na kwa kitambo ilionekana kana kwamba angelia. Lakini aliogopa, aliogopa kwa ajili ya mjukuu na shamba na mwanawe wa kiume wa pekee, na hofu ile ilikuwa na nguvu kuliko shukrani.

"Nakumbuka," alisema. "Silisahau. Lakini hilo ni deni langu mimi. Hili ni la ukoo."

Hapo Jumwa akatoka ndani. Alikuwa amevaa leso safi na kiatu cha safari.

"Nimewasikia," alisema. "Kwa sikio moja, lakini nimewasikia. Mimi nakwenda kwa daktari. Mkimaliza kuhesabiana mtaniambia mimi ni wa nani."

"Kwa ruhusa ya nani?" Kavenya aliuliza.

Jumwa alifungua mdomo kujibu. Lakini kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa kikohozi kimoja kifupi, na baada yake damu, si ile ya kwenye leso waliyoizoea, bali damu nyekundu yenye povu iliyomwagika kifuani na miguuni na kwenye sakafu ya kibaraza. Alishika nguzo. Akakohoa tena, ikatoka tena.

Kibwana, mnunuzi wa machungwa, alikuwa akipakia pikapu yake kando ya barabara. Mwero na Muange walimbeba Jumwa mpaka huko. "Si ndiye yule wa TB?" Kibwana aliuliza, lakini alipoiona damu akaacha kuuliza, akaanza kushusha magunia. Walimlaza nyuma, ubavu wa kushoto chini, kichwa mapajani mwa baba yake. Kisilu aliweka mkono juu ya bodi ya gari na mguu mmoja juu ya gurudumu ili apande.

"Kisilu," mama yake aliita kutoka kibarazani. "Ukipanda hapo umekubali apasuliwe. Akifia huko, ni wewe."

Ilikuwa kitambo kidogo tu. Kisilu aligeuka kumtazama mama yake. Jumwa, akiwa amelala, aliuona mguu ule juu ya gurudumu, kiatu chenye vumbi la shamba, akauona ukishuka chini. Kibwana alitia gia.

*

Kivuko cha Likoni kilikuwa kimejaa, na malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka mbali. Mwero, ambaye hakuwahi kupaza sauti yake mbele ya watu, alisimama nyuma ya pikapu akiwa na damu mpaka kwenye ndevu, akapiga kelele mpaka njia ikafunguliwa.

Hospitalini walimuuliza yeye ni nani kwa mgonjwa.

"Baba yake."

"Mume yuko wapi? Tunahitaji mume akubali."

"Hayupo. Mimi ndiye niliyemzaa hivyo. Nakubali mimi."

Daktari Mangi hakusubiri mengine. Aliufungua ubavu wa kushoto, akaupata mshipa ule pale pale picha ilipoonyesha, akaufunga kwa uzi kabla ya kugusa kitu kingine. Kama asingejua mahali ulipo, alimwambia Mwero baadaye, angeukata bila kujua na binti angekufia mezani. Alikitoa kile kipande. Kilikuwa kikubwa kama ngumi, kizito, cha rangi ya ini.

Mimba haikuweza kuvumilia. Ilitoka kabla Jumwa hajazinduka vizuri, na manesi waliifunika na kuiondoa bila yeye kuona. Alipopata fahamu alipeleka mkono tumboni kwanza, si kifuani.

Kisilu alifika siku ya pili yake. Alikuja na mfuko wa machungwa na kusimama mbali na kitanda, kama watu walivyozoea kusimama mbele ya Jumwa.

"Mama anakupa pole," alisema.

Jumwa alimtazama.

"Nilikuwa napanda," Kisilu alisema. "Wallahi, mguu wangu ulikuwa juu. Nilitaka kwanza nimtulize mama."

"Alikuwa wa kiume," Jumwa alisema. "Nilimuuliza nesi."

Kisilu aliketi kwenye kiti cha jirani akafunika uso kwa mikono miwili. Jumwa alimwacha alie. Alikuwa akivuta pumzi polepole, kwa uangalifu, akishangaa kwamba hewa ilishuka mpaka chini bila kukwama popote. Ilimuuma pale aliposhonwa, lakini haikukwama. Hakuwa amejua kwamba watu wengine hupumua hivi kila siku.

*

Siku aliyoruhusiwa kutoka, Kisilu alikuja kumchukua. Walivuka Likoni wakashika njia ya kusini. Walipofika Ukunda, ambako wangebadili gari kupanda milimani, Jumwa alisema:

"Twende kwanza Mwabungo."

"Leo? Na kidonda hicho? Mama amesema—" Kisilu alisita. "Mama amesema turudi, chumba kimepigwa deki. Lakini kuhusu mtoto, amesema tungoje kidogo. Mpaka naye apimwe na ile mashine."

"Nani atailipa?"

Kisilu alihamisha mzigo begani.

"Mwanangu hakohoi," Jumwa alisema. "Miaka mitatu nimekuwa nikimsikiliza kutoka upande wa pili wa ua. Hakohoi. Wewe nenda nyumbani ukipenda. Mimi nakwenda kumchukua. Nikishamchukua nitafikiri ni wapi pa kwenda naye."

Walikwenda pamoja. Kisilu alitembea nyuma yake.

Mbithe, dada yake Kisilu, alikuwa akianika nguo. Alipomwona Jumwa ndani ya ua aliachia leso ikaanguka mchangani, kisha akaja akamshika mkono, mkono mtupu, bila kusitasita, akasema, "Karibu, wifi yangu. Pole kwa yote. Nimeambiwa." Halafu akaita ndani.

Nthambi alitoka akiwa amevaa sare ya shule ya chekechea. Alikuwa mrefu kuliko Jumwa alivyomdhania, maana kutoka ng'ambo ya ua mtoto huonekana mdogo. Alisimama kizingitini.

"Njoo umwamkie mama yako," Mbithe alisema.

Mtoto alimtazama shangazi yake kwa mshangao, kama mtu aliyeamriwa kushika moto, kisha akamtazama baba yake. Kisilu aliinamisha kichwa. Jumwa alipiga magoti taratibu, mkono mmoja ubavuni kwenye kidonda, akafungua mkono mwingine. Hakumwita. Aliogopa sauti yake mwenyewe.

Nthambi alikuja. Alikuja kwa hatua ndogo, na alipofika karibu, Jumwa alimvuta akamkumbatia. Mwili wa mtoto ulikuwa mgumu kama ubao. Jumwa alingoja ulegee. Haukulegea. Aliweka sikio lake linalosikia karibu na uso wa mwanawe na hakusikia chochote. Akarudi nyuma kidogo amtazame.

Mashavu ya Nthambi yalikuwa yamevimba. Midomo aliibana kwa nguvu zote na macho yalianza kumtoka. Alikuwa ameizuia pumzi, kama alivyofundishwa.

"Pumua, mwanangu," Jumwa alisema. "Pumua."

Mtoto alitikisa kichwa.

Jumwa aliketi mchangani mbele yake, mikono magotini, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Akavuta nyingine. Hakukohoa. Nthambi alimtazama, uso ukizidi kuiva, mpaka akashindwa; kinywa kikafunguka kwa kishindo, akavuta hewa yote iliyokuwa baina yao, na papo hapo akaanza kulia kwa hofu ya alichokifanya.